Ujumbe wa Sitini na Tano

Kwa siku tatu kompaila, programu inayokagua msimbo kabla mashine haijautekeleza, ilimkatalia Nukta mstari mmoja, na kwa siku tatu Nukta aliitukana kompaila.

"Mashine hii ina kisirani," alimwambia jirani yake wa meza. "Msimbo huu umefanya kazi miaka kumi na miwili. Leo ndiyo umekuwa mbovu?"

Jirani yake alikuwa mama wa mapacha ambaye ofisi nzima ilimwita Betri, kwa sababu simu yake haikuwahi kuuona mchana ikiwa na chaji. Hakuinua hata macho. "Mwenye kisirani hapo ni nani, sijui. Wewe au yeye."

Nukta alipachikwa jina hilo chuoni, kwa tabia yake ya kutoacha kosa lipite, hata liwe nukta iliyosahauliwa kwenye tangazo la mlango wa choo. Sasa alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na tisa, na tabia hiyo ndiyo iliyomfanya apewe kazi kubwa kuliko zote walizokuwa nazo: kuihamisha Tarishi kutoka lugha moja ya kompyuta kwenda nyingine.

Tarishi ilikuwa programu ya seva, kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine. Kazi yake ilikuwa moja: kupokea ujumbe kutoka mashine hii, kuushika, na kuufikisha kwa mashine ile. Ilikuwa programu huria, yaani msimbo wake ulikaa wazi mtandaoni, kila mtu ausome, auchukue, aurekebishe. Hospitali ziliitumia kupeleka majibu ya maabara wodini. Iliandikwa kwa lugha iitwayo C na mwalimu wa zamani wa Nukta, mtu ambaye wote walimwita Mwasisi, na mpaka leo alikaa chumba cha pili cha ofisi ileile, juu ya duka la kukata vioo, ambako mchana kutwa ilisikika kisu cha almasi kikikwaruza.

C ilikuwa imechosha. Ilimwachia mwandishi kila kitu mkononi, na mkono wa mtu huteleza. Ndipo wakaamua kuhamia lugha mpya iitwayo Rust. Mama yake Nukta alipoambiwa kwamba jina hilo maana yake ni kutu, alicheka mpaka akajishika mbavu. "Yaani mnachukua kitu kizima mnakitia kutu, na bado mnaiita kazi?"

Miezi mitano Nukta alikuwa amehamisha faili moja baada ya jingine, bila makelele. Likabaki faili la foleni, moyo wa Tarishi, mahali ujumbe unapokaa ukisubiri kwenda. Hapo ndipo kompaila ilipogoma.

Alhamisi asubuhi aliacha kutukana, akaanza kusoma. Kompaila ilikuwa ikisema jambo lilelile tangu Jumatatu, kwa utaratibu wa karani asiyechoka: kitu hiki umemwazima huyu, hajakirudisha, nawe unataka kukihamisha. Sikuruhusu.

Nukta akachukua karatasi, akachora. Ndani ya foleni kulikuwa na orodha, na orodha hiyo hapo zamani ilianza na nafasi sitini na nne. Zikijaa, programu ilitafuta mahali pakubwa zaidi kwenye kumbukumbu ya mashine, ikahamisha kila kitu, ikaacha mahali pa zamani. Shida ni kwamba waliokuwa wakiweka ujumbe walikuwa wengi, na wote walifanya kazi kwa wakati mmoja. Mmoja wao angeweza kuwa ameshapewa anwani ya zamani, mkono uko hewani, wakati orodha inahama.

"Betri, sikiliza," alisema taratibu. "Ofisi imehama chumba cha tatu kwenda cha saba. Wewe hujui. Unasukuma barua chini ya mlango wa chumba cha tatu, unarudi unaandika kwenye daftari: imepokelewa."

"Barua inaenda wapi?"

"Haiendi popote. Mfagiaji anaitupa."

Betri akageuka na kiti chake. "Na daftari linasema imepokelewa?"

Nukta aliweka kalamu chini. Neno hilo, imepokelewa, aliwahi kulisema yeye mwenyewe, mezani kwa mama yake, miaka minane iliyopita, akimkazia macho kaka yake.

Siku hizo kaka yake alikuwa mtunza seva wa hospitali kubwa. Siku moja kulitokea ajali ya basi, maabara ikafurika damu za kupimwa, na katikati ya pilikapilika hizo majibu ya mwanamke mmoja hayakufika wodini. Hakuwa hata wa ajali. Alilazwa kwa ugonjwa wa figo, na madini ya damu yake yalikuwa yamepanda hadi kiwango cha kuua. Maabara walituma saa nane na dakika arobaini, wakaona kwenye skrini "imepokelewa", wakaendelea na mengine. Daktari alingoja. Saa kumi wodi ilipouliza, kaka yake Nukta aliangalia foleni, hakuona kitu, akaizima seva na kuiwasha upya. Saa kumi na moja yule mama alifariki.

Kamati ya hospitali ilisema: ujumbe ulipokelewa, kisha seva ikazimwa, kwa hiyo aliyezima ndiye aliyeufuta. Yeye aliwaambia, akarudia, sauti ikamkauka: "Niliangalia foleni kabla sijazima. Ujumbe haukuwemo." Hakuna aliyemsadiki. Mwasisi mwenyewe aliitwa kama mtaalamu, akaapa mbele ya kamati kwamba Tarishi haipotezi ujumbe. Kaka yake akafukuzwa kazi, na jina lake likachafuka kiasi kwamba hakuna ofisi iliyompa tena kiti mbele ya kompyuta.

Nukta hakumtetea. Alikuwa na miaka miwili tu kwenye mradi, anaipenda programu ile kama mtoto wa kuzaa. Alimwambia: "Mimi naijua ndani nje. Ikisema imepokelewa, imepokelewa. Lazima uliigusa, kaka."

Sasa aliishusha kutoka mtandaoni Tarishi ya miaka minane iliyopita, akaijenga upya kwenye kompyuta yake, akaandika programu ndogo ya kuijaribu. Ilituma ujumbe sitini na tano kwa mpigo, ikahesabu uliotoka upande wa pili, ikarudia mara elfu kumi. Aliibonyeza akakaa, mikono mapajani. Chini kisu cha almasi kilikwaruza, kioo kikakatika, mtu akasema "pole pole".

Mara kumi na moja ujumbe ulipotea. Mara zote kumi na moja Tarishi iliandika: imepokelewa.

Angeweza kuishia hapo, akasema ni kosa, kila mtu hukosea. Lakini alikuwa Nukta. Programu huria haitunzi msimbo tu, hutunza na historia yake: nani alibadilisha nini, siku gani, kwa sababu gani. Akafungua historia ya mstari ule wa sitini na nne. Ulikuwa umebadilishwa mara moja tu. Nafasi sitini na nne zilifanywa elfu nne na tisini na sita, ili orodha isijae kirahisi, ili isihitaji kuhama. Tundu lenyewe halikuzibwa. Lilifunikwa. Aliyebadilisha: Mwasisi. Sababu aliyoiandika: "Usafi mdogo."

Siku: Jumanne. Kamati ya hospitali ilikaa Ijumaa ya wiki hiyohiyo.

Nukta alisoma tarehe hiyo mara nne. Akasimama, kiti kikaanguka, wala hakukiokota.

Mwasisi alikuwa chumbani kwake akiandika hotuba ya uzinduzi wa toleo jipya. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, mwenye mkono mwepesi wa kumpigapiga mtu begani. Alimtazama akitabasamu.

"Leo hata shikamoo hakuna, binti yangu?"

"Mzee, usafi mdogo maana yake nini?"

Hakuuliza usafi gani. Alivua miwani, akaiweka juu ya hotuba. Hapo Nukta hakuhitaji ushahidi mwingine.

"Kaa kwanza," alisema Mwasisi.

"Sikai. Ulijua Jumanne."

"Sikujua. Nilihisi."

"Ulihisi Jumanne, Ijumaa ukaapa."

"Nisikilize." Sauti yake bado ilikuwa ya darasani. "Hospitali arobaini na moja zilikuwa zimetuamini. Ningesema mbele ya kamati kwamba labda, labda tu, Tarishi ina tundu, zote zingerudi kwenye karatasi kesho yake. Karatasi unaijua. Zinapotea kumi kwa siku. Watu wangapi wangekufa? Nilipiga hesabu kwa kichwa kizima, si kwa moyo. Na kaka yako alikuwa kijana, nikajua atapata kazi nyingine."

"Anarekebisha pampu za maji nyuma ya kituo cha mafuta."

"Ni kazi halali."

Nukta aliona meza, miwani, hotuba, mikono ile minene, akatamani kuisukuma meza nzima mpaka dirishani. Alishika mgongo wa kiti kilichokuwa mbele yake ili mikono iwe na kazi.

"Toleo jipya linatoka baada ya wiki tatu," Mwasisi aliendelea, akidhani ukimya ule ni wa kusikiliza. "Lugha mpya inaliziba tundu hilo yenyewe, umeona mwenyewe. Basi acha lizikwe na lugha yake, kimya kimya. Jina lako nimeliweka la kwanza kwenye toleo, kabla ya langu. Hakuna anayeumia."

"Hakuna anayeumia?"

"Kwa sasa, namaanisha."

"Kwa sasa kuna hospitali mbili na benki ya damu zinazotumia toleo la kabla ya usafi wako mdogo. Nimetazama orodha ya watumiaji. Hawakuboresha, kwa sababu nani anaboresha seva kwa ajili ya usafi mdogo? Sasa hivi, Mzee, wakati unanikaribisha kiti."

Mwasisi aliivaa tena miwani. "Sikujua kama zipo."

"Hukutaka kujua."

"Ukiitoa taarifa hiyo leo, umeua kazi ya maisha yangu."

"Kaka yangu naye alikuwa na kazi," Nukta alisema, akatoka, akaacha mlango wazi.

Aliandika taarifa ya kasoro akiwa amesimama. Haikuzidi mistari kumi na miwili. Alieleza tundu liko wapi, tangu lini, linapotezaje ujumbe; akaambatisha jaribio lake ili kila mwenye shaka alibonyeze mwenyewe; mwisho akaweka kiungo cha badiliko lile la Jumanne, bila kuongeza neno. Akaichapisha pale kila mtu anapopaona.

"Sasa simu," alimwambia Betri. "Sehemu tatu. Tugawane."

Betri alikuwa ameshasoma. Alivuta simu ya mezani mpaka waya ukakaza. "Nipe benki ya damu," alisema. "Nina maneno nao."

Ilipofika saa kumi jioni sehemu mbili zilikuwa zimeboresha. Sehemu ya tatu, hospitali, ilijibu kwamba mwenye nywila yuko likizo. Nukta aliomba muuguzi mkuu, akamwambia, "Dada, mpaka huyo mtu arudi, kila jibu la maabara lipigiwe simu. Msiamini skrini. Iandike, uibandike ukutani." Muuguzi aliuliza kwa nini. Nukta akamwambia kwa nini, yote, bila kupunguza. Muuguzi akasema, "Basi nitaibandika na kwenye mlango wa maabara."

Usiombe kusoma waliyoandika watu mtandaoni siku ile. Wengine walishukuru. Mmoja kutoka nchi ya mbali alisema mwanamke huyu anataka kumpindua mwalimu wake. Mwingine alisema hasira si sehemu ya uhandisi. Nukta alimjibu huyo peke yake: "Jaribu msimbo, usijaribu hasira yangu." Akafunga kompyuta.

Kesho yake asubuhi alikwenda karakana. Kaka yake alikuwa amepiga magoti mbele ya pampu iliyofunguliwa tumbo, grisi imempanda mpaka viwikoni. Ukutani mapanga ya pampu yalining'inia yamepangwa kwa ukubwa, kila moja na kibandiko chenye mwandiko wake mdogo ulionyooka, mwandiko wa mtu wa seva.

"Saa hizi hauko kazini?" aliuliza. "Mama mzima?"

"Mama mzima." Nukta alikuwa amepanga maneno njia nzima. Yote yakamtoka kichwani. "Kaka, ujumbe haukuwemo."

Spana ilisimama.

"Haukuwemo kwenye foleni. Ulisema kweli. Ulipotea kabla hujagusa chochote."

Alimweleza. Kaka yake alisikiliza bila kusimama, akiuliza kama fundi anavyomuuliza fundi mwenzake.

"Orodha ilianza na ngapi?"

"Sitini na nne."

"Siku ile ilipanda mpaka sabini na kitu. Niliiona kwa macho yangu. Niliwaambia." Akainua macho. "Na mzee wako alijua?"

"Alijua siku tatu kabla ya kamati."

Kaka yake akacheka, kicheko kifupi, kibaya. Akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, kwa muda mrefu kuliko kazi yenyewe.

"Na wewe?" aliuliza.

"Mimi sikujua, kaka. Nimejua jana."

"Sijakuuliza kama ulijua. Nakuuliza ulisema nini. Tulikuwa tumekaa kwa Mama. Ulisema nini?"

"Nilisema ikisema imepokelewa, imepokelewa."

"Malizia."

"Nikasema lazima uliigusa."

"Ehe." Alisimama sasa, na alikuwa mrefu kuliko Nukta alivyomkumbuka. "Wale wa kamati sikuwajali. Walitaka mtu wa kumbebesha zigo, nikawa karibu. Lakini wewe ulikuwa unaijua kuliko watu wote ninaowajua. Mdogo wangu, tumbo moja. Ukasema ni mimi. Unajua nilifanya nini? Nilianza kujiona mwongo. Nikasema labda foleni niliiona vibaya, labda mkono ulienda wenyewe. Nikaamini. Nikaenda kwa mume wa yule marehemu, yule fundi cherehani, nikapiga magoti dukani kwake mbele ya wateja, nikamwambia nisamehe, nimemuua mke wako. Na akanisamehe! Unasikia? Kila mwaka tarehe ile nampigia simu, kila mwaka ananiambia ndugu yangu, yameisha. Miaka minane nasamehewa kitu ambacho sikukifanya!"

Spana iliruka, ikagonga pipa tupu upande wa pili wa karakana, mlio ukajaa chumba kizima.

"Toka," alisema.

"Kaka..."

"Toka. Sikufukuzi undugu, nakufukuza karakana. Toka kabla sijasema la kukosa adabu."

Nukta alitoka. Alitembea mpaka ofisini kwa miguu, mwendo wa saa nzima, akigongana na watu bila kuomba radhi. Hasira ya jana ilikuwa nyepesi, kwa sababu ilikuwa na mtu wa kumpelekea. Hii ya leo kila alipoigeuza ilimtazama yeye. Alikasirika kwamba aliwahi kuwa na uhakika kiasi kile. Alikasirika kwamba kaka yake alimwamini.

Siku tano zilipita. Siku ya sita kaka yake alipiga simu, hakuuliza hali. "Kesho saa nne naenda kwa fundi cherehani. Utakuja. Na utakayesema ni wewe."

Duka lilikuwa dogo, lina cherehani mbili. Moja ilikuwa na kitambaa cha suruali kimebanwa chini ya sindano. Ya pili ilifunikwa shuka safi lililopigwa pasi. Fundi alikuwa na futi shingoni. Alimkumbatia kaka yake Nukta kama jamaa, na Nukta alipoona hivyo akatamani ardhi immeze.

Alisema. Hakutumia maneno ya kazini. Alisema barua, mlango, chumba kilichohama. Alimtaja Mwasisi. Alisema Jumanne, akasema Ijumaa.

Fundi alikata uzi kwa meno. "Kwa hiyo huyu hakumuua mke wangu."

"Hakumuua."

"Na mimi nimekuwa nikimsamehe."

"Ndiyo, baba."

Fundi aliweka mkasi mezani polepole, kisha mkono wake ukashuka juu ya meza kwa kishindo, vifungo vikatawanyika sakafuni. "Sasa mmeniletea nini? Nilikuwa nimemaliza! Nilikuwa na mtu wa kumsamehe, nikamsamehe, nikalala. Leo mnaniletea mtu mwingine, simjui hata sura, nianze upya? Yeye amekuja? Amepiga magoti? Yuko wapi?" Akamgeukia kaka yake. "Na wewe, kwa nini ulikubali? Mtu mzima, kwa nini ulijibebesha?"

Kaka yake aligeuka. Alimtazama Nukta.

"Kwa sababu yangu," Nukta alisema. "Mimi ndiye niliyemwambia ni yeye. Nilikuwa na uhakika."

"Wewe ndiye dada."

"Ndimi."

"Na hiyo programu ndiyo kazi yako."

"Ndiyo kazi yangu."

"Bado inapeleka majibu ya watu?"

"Inapeleka. Tundu tunaliziba."

"Mnaliziba," fundi alirudia, kana kwamba ni neno la kutafuna. Aliinama akaanza kuokota vifungo, na kaka yake akainama naye. Nukta naye akainama. Waliokota wote watatu. Mwisho fundi alisema, bado yuko chini, "Mkiliandika jambo hili, mke wangu asiitwe mgonjwa mmoja. Ana jina. Mliandike lote."

Nje kaka yake alisema tu, "Usinifuate," akashika njia yake.

Wiki iliyofuata Mwasisi aliandika ukurasa wa maelezo wa kuwekwa mbele ya mradi. Kwenye Tarishi hakuna kitu kilichoingia, msimbo au maandishi, hata yake Mwasisi, mpaka mtu wa pili akisome na kukipitisha. Ukurasa ule ulifika kwa Nukta.

Ulisema: "Katika kipindi cha nyuma ilibainika kasoro ambayo huenda ilichangia tukio la kusikitisha. Mtu mmoja aliathirika kikazi."

Nukta aliandika chini ya kila sentensi. Ilibainika na nani? Andika siku. "Huenda" ya nini, wakati jaribio lipo? Aliyefariki na aliyefukuzwa ni watu wawili, nao wana majina. Imekataliwa.

Mwasisi aliurudisha umepakwa mafuta zaidi. Imekataliwa. Akaurudisha mrefu mara mbili, umejaa historia ya mradi na hospitali arobaini na moja. Imekataliwa. Alikuja mlangoni mwa chumba chao, miwani mkononi, akasema kwa sauti ya chini, "Unanidhalilisha mbele ya dunia."

"Sijakuongezea hata neno moja," Nukta alimjibu bila kugeuka. "Nangoja uliandike wewe."

Betri alipiga chafya ambayo haikuwa chafya.

Mara ya nne ukurasa ulikuja mfupi. Ulikuwa na jina la marehemu, lote. Ulikuwa na jina la kaka yake Nukta, yote matatu: lake, la baba yao na la babu yao. Chini yake: "Nililigundua kosa Jumanne, nikalificha. Ijumaa niliapa kwamba halipo. Alifukuzwa kwa uongo wangu." Nukta aliusoma akitafuta kasoro, kwa mazoea. Kisha akaomba aongeze sentensi moja, ya kwake mwenyewe, yenye jina lake: kwamba naye, akiwa mfanyakazi wa mradi, alimhukumu mtu huyo bila kuufungua msimbo. Mwasisi aliikubali bila neno. Nukta akaupitisha, akaenda msalani, akafungua bomba, akalia kwa hasira kama mtu anayetapika.

Mwasisi alijiuzulu mwezi huohuo, akasema ni afya. Hospitali ilimwita kaka yake Nukta. Alikwenda na ovaroli lake la kazi, akaketi mbele ya watu wenye tai, akapokea barua ya kumsafisha na maneno ya kumrudishia nafasi yake. Barua aliikunja akaitia mfukoni. "Kazi sitaki," aliwaambia. "Pampu ikiharibika, nikiifungua naona." Haya yote Nukta aliyasikia kwa mama yao, maana kaka yake alikuwa bado hasemi naye.

Faili la foleni Nukta aliliandika upya lote, halikubaki na hata kivuli cha lile la zamani. Kompaila ililipitisha siku ya Jumatatu, saa tatu asubuhi, bila lawama. Hakushangilia. Aliendesha jaribio lake mara milioni moja, siku mbili mfululizo, akiangalia hesabu kwa jicho la shari, akingoja imdanganye. Hakuna ujumbe uliopotea. Toleo likatoka, bila hotuba.

Jumapili moja baada ya hapo, akiwa anaanika nguo, simu iliita. Alikuwa kaka yake.

"Mama ana kliniki Alhamisi," alisema. Nyuma yake ilisikika injini ikikoroma. "Mimi nina pampu ya shule, siwezi kuiacha. Utampeleka?"

"Nitampeleka."

"Saa mbili kamili. Hapendi kungoja."

"Najua, kaka. Vipi, wewe..."

"Usichelewe," alisema, akakata.